Msusi wa Matonge Anayeshinda Krismasi Misibani

Saa tatu asubuhi, Desemba 24, 2013, saluni iliyo mwisho kabisa wa Galerie d'Ixelles, jengo la maduka la Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, imefurika mpaka mlangoni. Viti havitoshi. Wateja wengine wamekalia mifuko yao ya sokoni, na kila mmoja anadai ndiye aliyetangulia.

Katikati ya vurugu hiyo amesimama Mauwa Nabintu, msusi mwenye umri wa miaka 47, mzaliwa wa Bukavu. Vidole vyake vinakimbia kichwani mwa mteja wake wa siku nyingi, Sephora.

"Maman Mauwa, kaza kidogo huku mbele," anaagiza Sephora.

"Nikikaza, utakula Noël na kichwa kinauma."

"Kichwa kitapona, maman. Photos zitabakia!"

Saluni nzima inaangua kicheko. Mauwa naye anacheka, anakaza, kisha anachovya ncha za rasta kwenye maji moto na kuzikausha kwa taulo. Kazi imeisha. Sephora anajitazama kwenye kioo, anaridhika, anavaa koti.

"Maman, mwaka huu usiache tena famille yako kwa sababu yetu," anasema akimkumbatia. "Kaa nabo kule Liège, ukule nabo. Sisi tuko bien."

"Merci, mutoto wangu," anajibu Mauwa.

Mauwa hana famille, yaani jamaa, huko Liège. Hana ndugu hata mmoja katika Ubelgiji nzima, na kesho ndiyo Krismasi, hiyo Noël.

Anamwambia mwandishi haya baadaye kidogo, kwa sauti ya chini, mteja anayefuata akiwa chini ya kikaushio kinachovuma kiasi kwamba hasikii kitu.

Alifika Brussels mwaka 2004 kama mkimbizi, pamoja na mumewe. Mume alipata mwanamke mwingine, akahama, nao hawakuwa wamejaliwa watoto. Mama yake alifariki Bukavu mwaka 2009, na hakuweza kwenda kumzika. Leo anaishi katika chumba kimoja mtaa wa Forest. Rasta ndogo ni euro sitini, nusu ni ya mwenye saluni.

Liège wakati mmoja ilikuwa kweli. Binamu yake aliishi huko, na Mauwa alikula Krismasi mbili mezani kwake. Mwaka 2006 binamu akahamia Kanada. Desemba ile mteja alipomuuliza atasherehekea wapi, Mauwa akajibu kama alivyozoea: kwa famille, Liège.

"Kwetu, mutu asiye na batu siku ya Noël, banauliza: alifanya nini? Alikosea nani?" anasema. "Bon, nikasema Liège. Mwaka uliofuata bakauliza tena. Nikasema tena Liège."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mauwa imefika mwaka wa saba, na imemfungia milango yote. Nani atamwalika mtu mwenye kwao? Wanawake anaowasuka wana meza ndefu na sufuria kubwa, na wengi wao wangemkaribisha bila kufikiri mara mbili. Badala yake wanamtakia safari njema.

Amejaribu mengi. Kanisani watu wanakumbatiana baada ya misa, halafu kila ukoo unaondoka na watu wake, na yeye anabaki akifunga vifungo vya koti polepole ili aonekane ana shughuli. Kuna mwaka aliingiwa na hofu kwamba atakutana na mteja barabarani, akapanda treni mpaka Liège kwelikweli. Akakaa kwenye benchi la stesheni na mkate wake, kisha akarudi jioni.

Halafu ikaja Krismasi ya 2010.

Kwenye mlango wa galerie hubandikwa matangazo ya vilio, yaani misiba ya Wakongo wa mjini: picha ya marehemu, anwani ya ukumbi, siku na saa. Mwaka ule kulikuwa na picha ya mzee mmoja, ukumbi wa Anderlecht, Desemba 25. Mauwa hakumjua. Lakini msiba hauna kadi ya mwaliko. Akafunga kitenge, akaenda.

"Hakuna mutu aliniuliza mi ni nani. Banakupatia kiti, banakupatia sahani. Nikaimba nabo, nikaosha vyombo nabo. Na nililia, eh! Mama yangu, sikumulilia na batu. Njo pale ndipo nilimulilia, kwa maiti ya bengine."

Anasema ilikuwa Krismasi yake nzuri kuliko zote alizopata Ulaya. Anaona aibu kuisema sentensi hiyo, lakini anaisema.

Mwaka uliofuata akaangalia mlangoni, akapata msiba mwingine. Mwaka jana akapata wa tatu. Huko ndiko mambo yalikoharibika, kwa sababu marehemu alikuwa baba mkwe wa Sephora, na tangazo halikutaja majina ya wakwe wa marehemu.

"Akaniona. Akasema: Maman Mauwa! Si uko Liège? Nikasema: nimerudi juu yenu."

Sephora alitokwa na machozi. Akamwambia mumewe, Hilaire, naye akashika kipaza sauti. Mauwa anayakumbuka maneno yake yote: "Huyu maman ameacha famille yake siku ya Noël, akakuya kulia papa yetu. Batu ba vile bamebakia bangapi?"

"Bakanipigia makofi. Kwa kilio! Bakanikalisha pembeni ya mujane. Nilitaka udongo unimeze."

Tangu siku hiyo sifa zake zimeenea Matonge nzima. Ndiyo maana Sephora, kwa moyo mweupe kabisa, anamsihi mwaka huu abaki na watu wake.

Na mwaka huu mlango wa galerie ni mtupu.

"Wiki hii yote napitia pale asubuhi kuangalia. Hakuna papier. Hakuna mutu amekufa." Anafuta kitana kwa kanga. "Na roho ikaniuma. Unaelewa? Batu bako bazima, na mi roho inaniuma. Pale njo nilijiogopa."

Kesho atapanda tena treni ya Liège. Anasema ni afadhali kuliko kukaa chumbani akiwasikia majirani wakisogeza viti.

Kwa nini asimwambie Sephora ukweli?

"Siwezi. Nikifungua kinywa, Liège njo inatoka."

Ndipo anapoeleza kwa nini amekubali kuhojiwa. Anataka jina lake liandikwe kamili, na galerie itajwe.

"Sephora anasomaka kila kintu kwa telefone. Asome. Akasirike, akuye hapa anitukane mbele ya batu. Akimaliza kunitukana, pengine ataniambia: maman, kuya kwetu."

Anauliza makala yatatoka lini. Mwandishi anamjibu kwamba ni baada ya Mwaka Mpya.

Kikaushio kinazimika na mteja anaita. Mauwa anainuka, anaokota kitana chake.

"Bon," anasema. "Basi Pasaka."