Siku Mama Alipouliza "Na Elia?"

Leo sokoni Mpanda nimejikuta nimekaa chini, mbele za watu.

Redio ya fundi cherehani ilikuwa inakumbushia kuuawa kwa rais wa Burundi, Oktoba 1993.

Siku ile nilikuwa Katumba, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, natwanga mahindi na mama. Mizigo ya kurudi kwetu Burundi tulishaifunga. Kaka yangu Elia alikuwa ametangulia kututengenezea nyumba.

Baba akatoka ndani, redio mkononi.

"Rais wamemuua."

Mama akaendelea kutwanga. Nikadhani hajasikia, jamani. Kisha akauliza, "Na Elia?"

Baba akaisogeza redio sikioni.

Wiki zilizofuata watu wakaanza kuingia kutoka Burundi, wanakimbia vita. Mama alikuwa anawauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyemwona Elia.

Siku moja akamuuliza binti mmoja mwenye mimba kubwa.

"Mama, na mimi namtafuta mume wangu."

Mama akamshika mkono, akaja naye nyumbani. Akaufungua mzigo wa Elia, ule aliotuachia tumpelekee, akatoa blanketi, akamfunika.

Elia hakurudi. Mume wa yule dada naye hakurudi.

Nyie mlikuwa wapi siku ile?