Gari Lisilowaka Alfajiri

Bi Nati hakuwa mwanamke wa kuchezewa. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu ya dirisha lake la vipuri ubavuni mwa gereji ya mumewe: hapati mtu nati pale mpaka aseme inakwenda kwenye gari gani. Alikuwa mnene wa sauti, mwembamba wa subira.

Mumewe alikuwa fundi wa kugeuza magari makuukuu yanywe spiriti ya miwa badala ya petroli. Anapanua matundu ya kabureta, maana injini hunywa spiriti kwa wingi kuliko petroli, na anang'oa mipira ya zamani isije ikavimba. Magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa yalitoka pale yakinguruma. Kasoro ilikuwa moja: spiriti na baridi haviivi chungu kimoja. Asubuhi injini hugoma mpaka ionjeshwe petroli kidogo. Kwa hiyo kila gari fundi alilifungia kichupa cha petroli na kipampu. Dereva anabonyeza kitufe, gari linaamka.

Kila gari, isipokuwa la mjane.

Mjane alilileta gari la marehemu mumewe, jeupe, lina kutu milangoni. Tangu ligeuzwe, fundi akawa anajitoa kitandani alfajiri, anabeba chupa ya petroli mkononi, anakwenda mtaa wa pili kuliwasha.

"Gari gani hilo linaamshwa kama mtoto wa shule?" Bi Nati aliuliza.

"Pampu yake inasumbua, mama watoto. Nilimfungia ya mtumba."

"Si umfungie mpya? Zimejaa stoo."

"Nitamfungia."

Nitamfungia hiyo ikaota ndevu. Na fundi naye akaanza kuchana zake. Mtu anakwenda kuinamia injini, ndevu anamchania nani? Akirudi, chai hataki, ameshiba. Ameshiba nini, petroli? Bi Nati alinusa shati lake, akakuta petroli tupu, na hapo ndipo alipozidi kuchemka. Angalau angekuta marashi, angejua pa kuanzia.

Asubuhi moja akamwahi kuamka. "Leo naenda mimi. Wewe lala."

"Hutaweza, mke wangu, ile kazi ina..."

"Nimesema lala."

Mjane alifungua mlango ana wanja machoni na hereni masikioni, kashika sinia yenye vikombe viwili. Alipoona aliyesimama nje, vikombe viligongana.

"Aa, dada! Fundi hajambo?"

"Hajambo. Amelala kwake."

Bi Nati akahangaika na boneti mpaka ikafunguka. Akamwagia petroli pale alipodhani ndipo, akaingia kuzungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikafa. Akarudia. Ikakohoa tena, ikafa tena. Mjane akatazama saa, akatazama geti, akatazama saa.

"Nipishe dada, kazini watanifungia nje."

Akaweka sinia chini, akachukua chupa, akafunua kifuniko cha kabureta kwa vidole viwili, akatonesha kidogo, akavuta choki ya kubana hewa, akazungusha ufunguo. Gari likawaka papo hapo. Ndipo akakumbuka nani anamtazama.

"Kumbe unajua," Bi Nati alisema.

"Nilikuwa namwangaliaangalia tu fundi..."

"Nimekuona, macho yako mepesi kujifunza."

Lakini kabla ya kufunga boneti, Bi Nati aliinama akatazama vizuri. Hapakuwa na pampu ya mtumba. Hapakuwa na kichupa, wala tundu la skrubu la kuonyesha kwamba kiliwahi kuwapo. Mjane kujipamba ni shauri lake. Mwanamke mpweke akitaka mtu wa kunywa naye chai, anasemwa yakaisha. Ila huu uongo ulipikwa nyumbani, ukapakuliwa kitandani.

Alipofika nyumbani alichukua pampu mpya stoo, akaitua mezani karibu na kikombe cha fundi.

"Ya mjane hiyo. Ifungwe leo, gereji, mbele yangu."

"Ile ya mtumba, unajua..."

"Usinitajie mtumba. Nimefungua boneti."

Fundi akanywa chai yote bila kuinua kichwa. Mchana pampu ikafungwa, Bi Nati kasimama dirishani, mikono kiunoni. Mjane akabonyeza kitufe, injini ikaitika, akaondoka bila kumwangalia mtu.

Usiku ule Bi Nati alilala usingizi wa mshindi. Alfajiri akahisi kitanda kinatikisika. Fundi ameketi ukingoni, miguu sakafuni, mkono kidevuni, anachana ndevu kwa vidole.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

Na kweli hakwenda. Aliketi vilevile mpaka kukapambazuka, na Bi Nati akalala macho anautazama mgongo wake. Angekuwa anatoka, angemfuata. Huyu aliyekaa tu, amfuate wapi?