Chupa za Mgoa Nilizozinusa

Kazi yangu Unguja miaka ile ya hamsini ilikuwa kunusa karafuu. Watu walioniuliza nikawajibu hivyo walicheka, wakadhani nafanya mzaha. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Magunia yakiletwa bandarini kutoka mashambani, sisi wakaguzi tulitia mkono ndani, tukatoa konzi moja, tukatazama rangi, tukaivunja karafuu kwa ukucha, tukanusa. Karafuu iliyopata jua zuri harufu yake hupanda moja kwa moja. Iliyonyeshewa ikafunikwa hunuka kama jamvi bichi, hata ikiwa kwa macho haina kasoro. Wenzangu waliyaamini macho zaidi. Mimi niliiamini pua.

Nilikaa Ng'ambo na mke wangu na watoto wetu wawili, na kila asubuhi nilipanda baskeli nikapita Mkunazini mpaka bandarini. Njiani palikuwa na duka la Mgoa mmoja, mtu wa Goa kule Uhindi. Aliuza chai, jibini, siagi ya kopo, na nyuma yake, ndani ya kabati lenye kufuli, mlikuwa na chupa za mvinyo alizoagiza Ulaya kwa ajili ya Wazungu na Wagoa wenziwe. Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Nilinunua kwake majani ya chai, na kesho yake nikamrejeshea.

"Chai yako imelala na sabuni," nilimwambia.

Alikasirika. Akalifungua debe, akainama akanusa. Kisha akaingia nyuma, nikasikia masanduku yanaburutwa. Aliporudi alinipa chai nyengine kutoka debe jipya, akaniambia, "Pua hiyo umeipata wapi?" Tangu siku hiyo kila nikipita lazima nishuke baskeli tuzungumze kidogo. Naye alikuwa mtu wa pua. Mvinyo kwake haukuwa kinywaji tu, ulikuwa elimu. Alinieleza mara nyingi kwamba zabibu za mlimani na za bondeni hazifanani, na kwamba mtu aliyefundishwa anaweza kunusa bilauri akajua imetoka upande gani. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mtu anayenihadithia nchi nisiyotaraji kufika.

Mwaka mmoja, baada ya masika, alipatwa na mafua makali, akalala wiki mbili. Alipofungua duka tena nilimwona amepungua mwili, nikampa pole. Sikujua zaidi ya hapo. Ilipita miezi, ndipo siku moja akanifuata bandarini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanivuta pembeni nyuma ya magunia.

"Nnataka unisaidie," alisema, "lakini naona haya kukuuliza."

"Sema tu."

"Pua yangu imekufa. Tangu yale mafua. Juzi mke wangu alitoka kidogo, mchuzi wa samaki ukaungua mpaka chungu kikapasuka, nami nimekaa pale pale nasoma gazeti."

Nilidhani anatia chumvi. Nikachukua karafuu guniani nikaivunja mbele ya uso wake. Akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga, na mimi nikatazama upande mwengine.

Shida yake ilikuwa hii. Yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na alikwisha waalika watu wanane nyumbani kwake, Jumapili alasiri. Hawakuitwa kula tu. Aliwaahidi kuwaonjesha mvinyo wa namna sita, mmoja baada ya mmoja, awaeleze kila mmoja una nini ndani yake, kama alivyofanyiwa yeye ujanani na mjomba wake huko Goa. Karamu ile aliisema tangu mwaka jana. Chupa zilikwisha wasili, mbili za kila namna, lakini zilikaa ghalani kwenye joto muda mrefu na hakika nyengine zimeharibika. Zipi, hakuweza kujua. Ulimi bila pua, aliniambia, unajua uchachu na utamu tu.

"Hujui mtu mwengine?" nilimuuliza.

"Nawajua wanaokunywa. Simjui anayenusa."

Nilimwambia nitafikiri. Sikwenda kumuuliza mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, kwa sababu jawabu lake nililijua. Nilimwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Utakunywa?"

"Sitokunywa."

"Utashika?"

"Sitoshika. Yeye atafungua, mimi nitanusa."

"Basi kanzu utakayovaa usije ukaiweka pamoja na nguo zangu," alisema, akaendelea na mchele wake. Hakukataa wala hakukubali, na mimi nikajifanya nimesikia kukubali.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwa Mgoa. Aliziweka chupa kumi na mbili mezani jikoni, akazifungua moja moja na kumimina kidogo kwenye bilauri, akainyanyua mpaka chini ya pua yangu, mikono yangu mimi ikiwa mgongoni. Yeye na daftari lake, mimi na pua yangu. Ya kwanza ilinishitua kwa sababu nilitaraji uvundo wa tembo la mnazi, nikakuta harufu ya zambarau na ngozi ya kiatu kipya. Nilimwambia. Akaandika haraka haraka.

"Na hii?"

"Ukwaju. Na nyuma yake kungumanga kidogo."

"Na hii?"

"Hii imekufa. Siki tupu."

Namna moja ilininukia kama udongo wa mashamba ya Kizimbani mvua ya kwanza ikianguka, na nilipomwambia hivyo aliweka kalamu chini, akaenda dirishani, akakaa huko kidogo kabla ya kurudi. Tulimaliza. Chupa nne zilikuwa zimeharibika, tatu kwa siki na moja ikinuka kitambaa kilichokunjwa kibichi. Kwa bahati kila namna ilibaki na chupa nzima isiyopungua moja. Akaziziba tena, akaandika kwa chaki kwenye vitako vya chupa: namba kwa zilizo nzima, msalaba kwa zilizoharibika. Karatasi za majina akasema atazibandua kwa maji moto, ili wageni wasijue mpaka waonje. Jambo hilo lilimfurahisha sana.

Nilimwambia karamuni sitokuja. Akasema anaelewa.

Lakini siku ya pili mke wangu alipika halua, akaimimina kwenye sahani nzuri na kuifunika kawa, akaniambia, "Watu wametimiza miaka yote hiyo, huwezi kukaa kimya." Hivyo baada ya kusali Alasiri nikavaa kanzu na kofia, nikaipeleka. Niliazimia kuikabidhi mlangoni nirudi.

Mlango ulifunguliwa na mke wa Mgoa mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la hariri na mkufu, uso umemwiva kwa wasiwasi. Hakuitazama hata halua.

"Mungu amekuleta," alisema. "Njoo jikoni."

"Kuna nini, mama?"

"Zimefutika."

Dada yake, aliyekuja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya sherehe, alitaka chupa ziwe baridi. Akazikusanya zote, nzima na mbovu, akazivika vitambaa vilivyoroweshwa maji na kuzisimamisha bafuni kwenye beseni la maji. Chaki imekwenda na maji. Karatasi zilikwisha banduliwa. Sasa chupa kumi na mbili zilisimama mezani zimevaa nguo nyeupe zinazofanana, na sebuleni wageni wanane walikuwa wameshakaa, na Mgoa alikuwa anawahadithia habari za mjomba wake kwa mara ya pili ili kupitisha muda. Sauti yake ilifika mpaka jikoni. Ilikuwa sauti ya mtu anayetembea juu ya paa bovu.

Nilitaka kurudi. Nasema kweli. Kunusa faraghani mbele ya rafiki ni jambo moja, na kunusa ilhali sebule imejaa watu ni jambo jengine. Lakini yule mama alikuwa amesimama na kizibuo mkononi, ananisubiri. Nikaweka halua juu ya kabati.

"Fungua," nilimwambia.

Akafungua, nikainama. Zambarau na ngozi: hiyo namba moja. Siki: weka chini. Ukwaju: namba tatu. Nilifanya upesi, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa kumimina bilaurini, nilinusa kwenye mdomo wa chupa yenyewe. Nilikuwa nimefika ya saba, pua yangu karibu imo ndani, aliposimama mlangoni Mzungu mmoja mzee aliyekuja kutafuta maji ya kunywa. Alikuwa mstaafu wa bandarini. Alinijua na nilimjua.

"Mkaguzi!" alisema kwa Kiswahili chake cha miaka mingi. "Wewe unakunywa?"

"Sinywi, bwana. Nanusa."

Alinitazama mimi na kofia yangu, akazitazama chupa, akamtazama mama mwenye nyumba. Kisha akacheka kicheko kikubwa, akarudi sebuleni, na kabla hatujapata la kufanya tukamsikia anawaambia wenziwe kwamba mkaguzi wa karafuu yuko jikoni anakagua mvinyo. Wote wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Mgoa hakucheka.

Mkewe alitoka, nami nikabaki nimesimama. Nikamsikia Mgoa anasema, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wale ambao Kiingereza chao kilikuwa kidogo:

"Sinusi tena. Yapata miezi mitano sasa. Maneno yote niliyotaka kukwambieni leo si yangu, ni ya rafiki yangu aliyeko jikoni. Mimi nimeyaandika tu."

Kisha bibi mmoja wa Kigoa, mtu mzima, akasema, "Kumbe. Mimi nimejitia manukato ya bei hii, hukusema kitu, nikadhani umenichukia." Watu wakacheka tena, safari hii kwa upole, na Mgoa naye akacheka, akapangusa macho.

Akaja jikoni kunichukua. Nikamwambia sitoingia kwenye chumba kinachonywewa mvinyo, na hilo sikulibadilisha. Tukakubaliana nisimame ukumbini, nje ya mlango wa sebule, pazia likiwa wazi. Nikamaliza kwanza zile chupa zilizobaki. Kisha yeye alimimina na kusoma kutoka daftarini, na pale maneno yangu yalipowashangaza watu walinigeukia kuniuliza. Nilipoulizwa udongo wa Kizimbani unanukaje, niliwaambia waende wakati wa mvua wakaone. Yule mzee wa bandarini alisema mvinyo wa tatu hauna kungumanga yoyote. Nikamwambia aupashe kidogo kwa kiganja, anuse tena. Alifanya hivyo, akasema, "Ipo." Nakiri nilifurahi. Nilifurahi zaidi kuliko ilivyonipasa.

Niliondoka kabla ya Magharibi. Mgoa alinisindikiza mpaka chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Siku ya nne baba mkwe wangu alikuja. Alikuwa mtu wa Tumbatu, fundi wa mashua, mwenye duka dogo la kamba Ng'ambo, na hakuwa na desturi ya kuja kwangu bila ya kuitwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimesikia unasomesha watu ulevi."

Nilimweleza yote, tangu chai na sabuni. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia na nilijua anasikiliza.

"Kwa hiyo hukunywa," alisema.

"Sikunywa, baba."

"Na waliokunywa walikunywa vizuri zaidi kwa sababu yako."

Nilisema kwamba rafiki yangu alikuwa anakaribia kuaibika nyumbani mwake, mbele ya mkewe.

"Hilo nakusamehe," alisema. "Usirejee tena." Akanywa kahawa yake, akaondoka, na kwa muda mrefu tukikutana alinisalimia kama anavyosalimiwa jirani.

Karibu na Krismasi Mgoa aliniuliza tena. Amepokea chupa mpya, na wale wageni wamewaambia wengine, na yule mzee wa bandarini anataka karamu ifanyike kwake. Nilimwambia sitoweza. Nilimwambia na sababu. Alikubali kwa adabu, lakini niliona alivyoumia, na wiki chache nilipita dukani bila ya kushuka baskeli, kwa haya. Sikusikia tena habari za karamu kama ile. Zile chupa mpya aliziuza hotelini, na kabati lile akalijaza maziwa ya unga.

Aliyenirudisha dukani ni mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni asubuhi moja, akaniita kwa sauti mpaka nikafunga breki.

"Pua inarudi," alisema. "Si yote. Baadhi ya siku tu. Jana kaniambia mafuta ya nywele zangu yananuka vibaya. Mafuta haya haya nayapaka tangu siku aliyonioa!"

"Umefurahi au umekasirika, mama?"

"Vyote viwili," alisema, akanipisha njia niingie. Mgoa alikuwa nyuma ya kaunta na karatasi ya jibini mkononi, ameisogeza puani, amefumba macho.