Leso Kati Yangu na Mkwe

Kwa uwanja wa ndege wa Johannesburg, mume wa binti yangu alinisalimia akiwa nyuma ya nguzo. Mimi niliona viatu vyake tu, vimepigwa rangi vinang'aa.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, baba," nikajibu, macho kwa sakafu.

Watu walipita na mabegi yao ya magurudumu, na hakuna aliyejua kwamba hapo heshima kubwa imefanyika. Kwetu Bungoma mama hashiki mkono wa mume wa binti yake. Hawakai pamoja, hawali meza moja, na wakikutana kwa njia, mmoja anaingia kichakani. Mimi nimeokoka, na pasta wetu anasema ati hayo ni mambo ya zamani. Lakini mama yangu aliyashika mpaka akazikwa, na mimi sijaona mahali yanagombana na Mungu.

Sasa huyu kijana, anayefanya kazi huko Johannesburg na binti yangu, ambaye ni nesi, alikuwa amenipangia safari yote mwenyewe. Kwanza mbuga ya wanyama, tulale hoteli ya msituni, halafu twende Cape Town. Alitaka kunishukuru kwa kumlea mke wake. Hapo ndipo roho yangu ilifungwa. Nikikataa kupanda gari moja na yeye, nimetupa zawadi yake mbele ya mke wake. Nikikaa naye kama rafiki, nitarudi kijijini Kamukuywa na uso gani?

Wamama wa kanisa walikuwa wamenicheka kabla sijatoka.

"Ati unapanda ndege kwenda kuona ndovu? Si hao wako hapo juu mlimani?"

"Wakikuuliza kwenu ni wapi, waambie nyinyi ni majirani!"

Na ilikuwa kweli. Nilizaliwa chini ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili, na ndovu wa huko juu huingia mapangoni usiku kulamba chumvi. Nyanya alikuwa akituonyesha miti waliyovunja. Lakini ndovu mwenyewe sikuwahi kumwona. Halafu majangili wakaja, hata miti ikaacha kuvunjwa.

Hiyo hoteli ya msituni, sijui niielezeje. Bafu ilikuwa imewekwa mbele ya dirisha kubwa, unaoga ukiangalia mto na swara wakinywa maji. Kwa kitanda walikuwa wamemwaga maua, kama ya bibi arusi. Nilipiga magoti kando yake niombe, nikakosa cha kuomba. Nikashukuru tu, mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni wakatutandikia meza moja, viti vitatu, na mshumaa katikati. Binti yangu akamfuata mhudumu, akamnong'oneza. Yule akashangaa, akauliza kama tumegombana. Dereva wa kutembeza wageni, mzee wa huko, alikuwa karibu, akacheka.

"Hawajagombana," akasema kwa Kiingereza chepesi, hata mimi wa masomo ya ngumbaru nikasikia. "Hiyo ni heshima. Kwetu pia tuko nayo." Akabeba meza nyingine mwenyewe, akaiweka nyuma ya ukuta. Nilikula nyama laini, nikisikia mkwe wangu akikohoa upande wa pili.

Asubuhi ilikuwa gari lisilo na milango wala madirisha. Mkwe akakaa mbele na dereva, mimi na binti yangu nyuma yao. Nikafungua leso yangu ya maua mekundu, nikaifunga kwa vyuma katikati.

"Mama, si hutaona kitu!"

"Nitaona kando. Kando pia ni Afrika Kusini."

Tulienda hivyo, leso ikipigwa na upepo. Nikaona twiga kando. Nikaona pundamilia kando. Halafu dereva akazima injini. "Msisonge," akasema polepole.

Nilisikia kwanza tumbo la mnyama likinguruma, kama mtu anasukuma kabati chumba cha pili. Leso ikapeperuka, na hapo mbele kulikuwa na ndovu, si mbali, ni hapo. Ngozi yake ilikuwa kama tope la mto limekauka. Jicho lilikuwa dogo, kope ndefu kama za msichana, na lilikuwa linatuangalia bila haraka. Nikasema kimoyomoyo, Bwana, na hawa ndio walikuwa majirani wangu.

Halafu mkonga wake mrefu ukainuka, ukaja juu ya kichwa cha mkwe.

Sikufikiri. Nilipitisha mkono chini ya leso, nikamshika bega kwa nguvu, vile unashika mtoto amekaribia jiko. Ndovu akanusa kofia yake, akapumua, akageuka. Aliondoka na hakuna jani lililolia. Mnyama mkubwa hivyo!

Mkono wangu ulikuwa bado kwa bega. Niliutoa kama umeungua.

Mkwe hakugeuza shingo hata kidogo. Nililia mpaka hotelini, nikijua heshima yote imemwagika. Baadaye binti yangu akaja chumbani, amejifunika mdomo.

"Mama, anasema asubuhi kuna tawi lilimshika bega."

"Tawi?"

"Ati lilikuwa na nguvu sana. Anashukuru."

Hapo hatukuwa karibu na mti wowote. Nikaketi juu ya yale maua yote, nikashangaa kijana huyo kuliko nilivyoshangaa ndovu.

Cape Town kuna mlima umekatwa juu kama meza, na kigari kinachoning'inia kwa waya kinakupandisha. Nilipoingia na binti yangu, mkwe akarudi nyuma. "Nitangoja kingine," akasema kwa hewa tu. Huko juu niliona bahari inazunguka pande zote, na mji chini kama mahindi yaliyoanikwa. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Kigari chake kilipofika, alitoka na shati jepesi, akaenda kusimama mbali, mgongo kwetu, anatetemeka.

Nikafungua leso mabegani mwangu. "Mpelekee," nikamwambia binti yangu.

Alijifunika bila kugeuka. Mwanaume mrefu, mwenye viatu vya kung'aa, na maua mekundu mgongoni. Wageni walimpiga picha. Mimi na mkwe tukaendelea kuangalia bahari, yeye upande wake, mimi upande wangu.