Makosa Yaliyofutwa Gereji

Taa ya injini iliwaka asubuhi ileile tuliyokuwa tunakwenda Matai kumzika mjomba, kaka pekee wa mama. Gari lenyewe lilikuwa linakwenda vizuri tu. Mimi na woga wangu nikaona tusitoke mjini kabla halijapimwa, nikapinda kuingia gereji nyuma ya soko. Ilikuwa saa nne. Mazishi saa nane, na mama alitaka awahi kuuona uso wa kaka yake kabla jeneza halijafungwa.

Fundi, mtu wa rika langu, alimwamkia mama shikamoo, akaingiza kichwa chini ya usukani, akapapasa mpaka akapata tundu la kuchomeka mashine ya kupimia. Akasoma, akabonyeza, akachomoa.

"Tayari, mama. Nimefuta makosa yote."

Mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu tupate taarifa. Alisema kwao kanisani makosa hayafutwi upesi hivyo. Mwenye nayo huyataja kwanza.

Nikawasha. Gari likaunguruma kidogo, likazima. Baada ya hapo starta ilizunguka tu, injini haikushika.

Fundi alichomeka tena mashine yake. Ikasema hakuna kosa. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia ameniulia gari, kwamba limekuja linatembea na sasa limekuwa banda la kuku. Alifungua plagi, akazisafisha moja moja. Mama akasema stendi haiko mbali, twende tukapande basi. Nikamwambia dakika tano tu. Saa sita nikamwambia hivyohivyo, na saa saba pia.

Kisha fundi akaniuliza taratibu, "Bosi, gari hili halina swichi ya siri?"

"Halina."

Lilikuwa nayo. Niliifungisha kwa ajili ya wezi, ikate umeme wa pampu ya mafuta, na niliapa kwamba fundi wa gereji ndiye atakuwa mtu wa mwisho kuijua. Tena sikuwa nimeizima, kwa hiyo niliona haimhusu.

Saa nane ikapita. Fundi alipokwenda kuazima plagi nyingine kwa jirani, nilipeleka mkono chini ya usukani, pembeni ya lile tundu. Swichi ilikuwa imezimwa. Mkono wake uliigusa alipokuwa anapapasa. Nikaibonyeza, nikawasha, gari likaitika mara moja.

Fundi alirudi mbio, uso umemkunjuka. Alisema bila shaka zile plagi alizosafisha zimekauka sasa. Nikamwacha aamini hivyo. Sikumwomba hata radhi kwa matusi yangu.

Tulipofika Matai wanaume walikuwa wanakung'uta udongo kwenye majembe. Mama aliokota donge, akaliweka juu ya kaburi, akabaki ameinama muda mrefu. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yule fundi.

Tukiwa njiani kurudi, karibu na mjini, ndipo mama aliposema, "Niliuona mkono wako chini ya usukani."

Nikakaza macho barabarani.

"Yule fundi alifuta makosa ya gari. La kwako umemtajia nani?"

Mpaka leo nikienda sokoni nazungukia upande wa pili, nisipite mbele ya gereji ile.