Tone la Damu Kwenye Kofia

Mwaka wa sitini na moja, Likoni nzima haikuwa na mshona kofia wa kumshinda Mwanasaumu. Alimfunza bintiye Dhahabu kama alivyofunzwa yeye: sindano ikikudunga, nyamaza. Fundi halii. Mwezi mzima Dhahabu hakuguna hata mara moja, na mamake akajigamba kwa jirani, Mwanabibi: "Mtazame huyu! Sindano yamuogopa."

"Basi mumewe ana kazi," Mwanabibi akacheka. Arusi ilikuwa baada ya Idi.

Asubuhi moja Mwanasaumu aliona tone la damu kwenye kofia nyeupe. Kisha la pili. Dhahabu alikuwa akishona huku akiimba, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikivuja. Hakuwa akivumilia. Hakuwa na habari.

Mwanasaumu alimwondolea kofia mikononi. Kwenye mkono ule ule, karibu na kiwiko, palikuwa na baka jeupe. Daktari ng'ambo ya kivuko alikuwa amelitupia jicho tu, akasema ni choa, akatoa dawa ya kupaka. Lakini choa gani kisichowasha?

"Fumba macho, mwanangu."

"Kwani kuna nini?"

"Fumba tu." Akalipitishia baka unyoya wa kuku. "Nimekugusa wapi?"

"Hujanigusa." Mwanasaumu akalidunga kwa sindano. "Mama, waanza lini?"

Neno lenyewe Mwanasaumu hakuthubutu kulitamka. Utotoni alimjua mtu aliyejengewa kibanda chake peke yake, akala kwa sahani yake, vidole vimekwisha. Angeweza kunyamaza. Hina ya arusi ingefunika baka. Ila kidole kile kilikuwa kimeanza kupinda.

Kesho yake walivuka.

"Mama, si nilikwambia ni choa?" daktari alisema.

"Ulilitazama, dokta. Hukuligusa." Akamnyooshea sindano yake.

Daktari alidunga. Dhahabu, macho kafumba, alitulia kama fundi. Daktari akadunga tena, akapapasa mshipa wa fahamu kwenye kiwiko, akaukuta umevimba. Sindano akaiweka chini.

"Ni ukoma," akasema taratibu. "Vidonge vipo. Atameza miaka, lakini mmewahi."

Walipofika nyumbani Mwanasaumu alimfumbisha tena macho, safari hii akashika mkono wa kulia. Akadunga kidole gumba.

"Aa! Mama, waniumiza!"

"Alhamdulillahi," akasema, akakishika kidole kilichofuata.