Watoto Kumi na Saba Wasiokuwamo Daftarini

Saa moja asubuhi, Laudoni Kamphata anaegemeza baiskeli yake kwenye ghala la mahindi na kubisha hodi. Mwenye nyumba anamletea kigoda. Laudoni anashukuru, anaulizia mashamba, kisha anamwomba kwa adabu awaachie wanawake nafasi ya kuongea peke yao.

"Yaani unanifukuza kwangu?" mzee anamtania.

"Naazima uwanja wako kidogo tu, baba."

Mzee anaondoka akicheka. Kwa miaka sita Laudoni hakuwahi kumwomba mwanamume yeyote apishe, na hapo ndipo hesabu zake zilipokuwa zikipotea.

Laudoni, mwenye umri wa miaka 41, ni mhudumu wa afya wa vijiji saba vya Chimphepo, katikati ya Malawi. Anapima watoto uzito, anagawa vyandarua, na anaandika kila anayezaliwa na kila anayefariki katika watu 2,140, kwa baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Daftari lake huenda wilayani kila mwaka. Huko ndiko wanakoamua zahanati ipi ipewe mkunga, na wanachotazama ni vifo vya watoto wachanga.

Chimphepo iliandikiwa sifuri miaka yote sita. Februari mwaka huu, Laudoni alipokwenda kuomba mkunga, ofisa mmoja alimfunulia daftari lake mwenyewe.

"Watoto wenu hawafi," alimwambia. "Mkunga mnamtakia nini?"

Alirudi mnyonge. Mkunga wa karibu yuko kilomita 23, na mkewe, Fainesi, ana mimba ya miezi sita.

Hakuna aliyedanganya. Fomu inataka aulizwe mkuu wa kaya, na wakuu wa kaya karibu wote ni wanaume. Sasa, huku kwa Wachewa, mtoto akifariki kabla hajatolewa nje ya nyumba kwa mara ya kwanza, siku chache baada ya kuzaliwa, wanawake humzika wenyewe. Wanaume hawaendi, msiba hauwekwi, na jambo lenyewe halitajwi tena. Ukimuuliza baba wa nyumba, atakujibu hakuna, na atakujibu kwa moyo mweupe.

Laudoni akaenda kwa bibi Eneleti, anayesimamia mazishi hayo. Mara ya kwanza bibi alimkaribisha karanga na kumsimulia habari za mvua. Mara ya pili hata karanga hakuambulia. Mara ya tatu aliacha kumenya karanga zake, akamkazia macho.

"Kwako umeandika wangapi?"

"Hakuna, bibi."

"Fainesi alituita miaka minne iliyopita. Wa kike. Siku ya nne. Anza na huyo, mwanangu, ndipo uje kuniuliza wa wenzako."

Laudoni alikuwa amemsikia mtoto yule akilia siku tatu nyuma ya ukuta. Hata hivyo, mwaka ule alipofika kwenye kaya yake mwenyewe, kalamu mkononi, aliandika sifuri wala hakusita. Jambo hilo linamuuma mpaka leo, na haoni haya kulisema.

Jioni ile alimuuliza mkewe. Fainesi alikuwa akisonga nsima, hakugeuka.

"Nilikuwa nangoja uniulize," alisema.

Kesho yake ndiye aliyetangulia mbele. Walizunguka nyumba kwa nyumba, Fainesi akisimulia wa kwake kwanza, na wanawake wakafunguka mmoja baada ya mwingine. Mwisho akaja bibi Eneleti, eti kupita tu, akakaa mchana kutwa akisahihisha tarehe.

Watoto waliofariki bila kuandikwa walifika kumi na saba. Wilayani hawakuamini. Walisema Laudoni amepika takwimu ili apate mkunga, na akibainika, kazi hana. Mkaguzi, mwanamke, atakuja Alhamisi kusikia kwa masikio yake. Ndiyo maana leo Laudoni anapita tena nyumba moja moja, kuwauliza akina mama kama bado wako tayari kuyarudia maneno yao mbele ya mgeni. Kufikia saa nne wamekubali kumi na wanne. Fainesi amesema ataanza yeye.

Akiulizwa anatarajia nini, Laudoni hazungumzii mshahara wala baiskeli mpya. Anafunga daftari na kulirudisha kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwakani nataka niandike sifuri tena," anasema. "Lakini safari hii niwe nimewauliza mama zao."